Mwenyekiti wa Safari ya Shelisheli

Jumatatu, 3 Machi 2025

Binti yetu Beryl amepiga simu kutoka Shelisheli. Anaolewa Jumamosi ya tarehe kumi na tano, na mpishi wa huko huko. Vizuri. Kila mgeni anayeingia nchi hiyo lazima aombe kibali cha kusafiri mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Vizuri zaidi! Nimefundisha jiografia tangu ujana wangu hadi nikastaafu. Kisiwa hakinitishi.

Nimemweleza mke wangu Awiti tofauti kati ya kibali na viza. Viza ni kufunguliwa mlango. Kibali ni kubisha hodi ukiwa bado kwako. Nikaongeza mifano. Awiti amesema alielewa kwenye sentensi ya kwanza. Nimemsamehe.

Shemeji Zadock alikuwepo. Ni kaka yake Awiti, muuza mbao wa Riruta, na hutokea hapa mtaani kwetu Jamhuri kila chai inapochemka. Amecheka. Eti, "Mwalimu, hiyo ni kazi ya dakika mbili. Mimi nitaifanya nikinyolewa." Watu wa mbao hawaheshimu utaratibu. Nimependekeza tuunde kamati. Mwenyekiti: mimi. Kura: moja, yangu. Hakuna aliyepinga kwa sauti.

Kisha likaja jambo lenyewe. Beryl anataka msemaji mmoja tu wa upande wetu kwenye karamu. Zadock anadai mjomba ndiye husema. Mimi ni baba! Tumebishana hadi chai ikapoa. Awiti ameamua: atakayepata kibali kwanza ndiye atasema, mwingine atakula keki kimya. Nimekubali haraka. Hotuba ninayo tayari. Kurasa kumi na nne, bila shukrani.

Jumanne, 4 Machi

Mpango. Nimetangaza kwamba kamati itakusanya pasipoti zote kwa ajili ya usalama. Zadock ameleta yake mwenyewe, ameifunga kwenye karatasi ya mkate, akanikabidhi huku akipiga mluzi. Mjinga! Bila pasipoti hawezi kujaza namba. Bila namba hakuna kibali. Bila kibali hakuna hotuba. Hii inaitwa mantiki.

Nimeiweka ndani ya boksi la mapambo ya Krismasi, juu ya kabati. Sikuificha. Kuficha ni kumnyima mtu kitu chake. Mimi nimekihifadhi mahali ambapo hatakitafuta.

Alhamisi, 6 Machi

Mjini kupiga picha. Awiti alisema simu inatosha, nisimame tu mbele ya ukuta wa jikoni. Nimemweleza kwamba jambo rasmi lina studio yake. Ya mpiga picha Ndungu iko chini ya ngazi za jengo moja karibu na barabara ya Tom Mboya. Ana koti moja la wateja wote. Tai imeshonewa humo humo, na mgongo umepasuliwa ili limtoshe kila mtu. Mbele waziri, nyuma upepo. Niliona aibu. Nikalivaa.

Ndungu akauliza kama apunguze umri kidogo kwenye kompyuta. Nikamwambia atumie busara. Hana. Makunyanzi yameondoka. Mvi zimeondoka. Matundu ya pua nayo, karibu yote. Mwanamume mzuri ajabu! Awiti ameuliza huyu ni mtoto wa nani.

Jioni nikaipakia. Mtandao umejibu kwamba uso huu haufanani na wa kwenye pasipoti. Nikaituma tena, polepole, ili waiangalie vizuri. Wamekataa tena. Wivu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi kwa Ndungu anirudishie uzee wangu. Ameurudisha, kinyume cha mapenzi yetu sote. Koti limebaki. Picha imepita!

Swali lililofuata: madhumuni ya safari. Likizo, kutembelea jamaa, biashara au shughuli rasmi. Likizo hapana, mimi si mtalii. Kutembelea jamaa? Baba hamtembelei bintiye siku ya harusi. Huenda kumkabidhi. Nimemfafanulia Awiti jambo hili kwa kirefu. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua. Nimebonyeza shughuli rasmi. Kazi ya mwombaji: Kiongozi wa Ujumbe.

Mahali pa kufikia: Beryl alituma anwani, lakini nimeiona fupi mno. Nikaikamilisha jinsi tunavyoelekezana hapa kwetu. Ukifika uliza kwa mpishi, geti la kijani, mkabala na duka la mikate. Geti lenyewe sijaliona. Lakini ni mtaa gani usio na geti la kijani? Nikatuma.

Mchana simu ikalia. Kikundi cha familia. Picha ya Zadock kwenye kiti cha kinyozi, shavu moja lina ndevu, la pili halina, ameinua simu yenye kibali. KIMEKUBALIWA! Kumbe pasipoti yake aliipiga picha zamani, kurasa zote, hata zile tupu. Chini ameandika: "Mwalimu, endelea kuniwekea hiyo kitabu poa, panya isikule."

Ukoo mzima umejibu kwa vicheko. Hata Awiti ameweka kicheko. Alikuwa ameketi kando yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Usemaji umepotea kwa muda tu. Hakuna aliyesema kibali cha mjumbe wa kawaida kinalingana na cha kiongozi. Nitakata rufaa kwa Awiti changu kikifika.

Na jibu limefika! Wanaomba barua kutoka kwa serikali inayotuma ujumbe. Wameshaniheshimu. Ni kweli serikali haina habari zangu, lakini kamati inazo. Nimeandika barua nzuri. Ila barua bila muhuri ni porojo, hilo Mkenya yeyote analijua. Hata barua ya kuomba ruhusa ya kukosa kwaya tunaipiga muhuri. Nikaenda mjini, kwenye kichochoro cha wachonga mihuri. Nimechagua wa duara wenye tarehe katikati: KAMATI YA SAFARI, UKOO WA OBUYA. Mchongaji akauliza kama nataka mnyama. Nikataka kifaru.

Barua imepata mihuri mitatu, mmoja kwa kila aya. Mwingine nimempiga Awiti mkononi, kujaribu wino. Alikuwa anaelekea kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Amerudi akisema amesalimiana na watu wote kwa mkono wa kushoto na sababu ni mimi.

Jumatano, 12 Machi

Ombi limekataliwa.

Mstari mmoja tu, na mwingine wa kusema naweza kuomba upya. Ndege ni Ijumaa asubuhi. Nimeusoma nikiwa nimesimama, kisha nikiwa nimeketi.  

Beryl amepiga simu. Awiti alikuwa ameshamsimulia kila kitu, bila kumsahau kifaru. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Kisha akasema, "Baba, kusema atasema yeyote. Mimi nataka mkono wako nikiingia kanisani. Sasa nitaingia na nani?"

Nimeufungia muhuri wa kifaru kabatini. 

Awiti, ambaye kibali chake alikuwa ameshakipata bila kamati, akanyoosha mkono nimpe simu yangu. Akanisimamisha mbele ya ukuta wa jikoni. Akaniambia nisitabasamu kama mgombea. Picha. Kazi: mwalimu mstaafu. Madhumuni: kutembelea mtoto. Anwani: ile ile fupi ya Beryl. Nilipoanza kumweleza kwamba neno kutembelea lina mapungufu yake, akasema, "Baba Beryl, kunywa chai." Nikanywa. Ombi lilitumwa kabla kikombe hakijaisha.

Nimemrudishia Zadock pasipoti. Imejaa chembechembe za dhahabu za Krismasi. Nimemwambia kamati imetimiza wajibu wake. Akanikumbatia, akasema, "Shemeji, wewe omba Mungu tu, hiyo kitu itakuja." Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Kimekuja! Nilikuwa nikipiga mswaki. Nimepiga kelele hadi jirani yetu Surjit akaja mbio kabla ya kumaliza kufunga kilemba chake, akauliza nani amekufa. Nimemketisha, nikamweleza safari ya kibali hiki hatua kwa hatua. Nilipofika kwenye koti la Ndungu akakumbuka ameacha maziwa motoni. Surjit huacha maziwa motoni kila ninapoeleza jambo. Ipo siku atachoma nyumba.

Rufaa kuhusu usemaji: Awiti ameitupilia mbali kabla sijamaliza kichwa cha habari.

Jumapili, 16 Machi. Shelisheli

Jana Beryl aliingia kanisani akiwa ameushika mkono wangu. Alinibana vidole hadi pete ikaniuma. Sikusema neno njia nzima. Awiti anasema tangu tuoane hajawahi kuona kitu kama hicho, na kwamba nilipendeza.

Kwenye karamu Zadock alisimama kusema. Akasema kidogo tu! Watu walicheka, watu walilia, nyanya wa bwana harusi akambusu shavuni. Kisha lile jitu likasema mjomba alikuwa amemshikia baba nafasi tu, likaniletea kipaza sauti, mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeandaa chuki ya mwaka mzima. Sasa niipeleke wapi?

Ninajua nilipaswa kusema asanteni na kuketi. Awiti alinionyesha hivyo kwa macho, kisha kwa uma. Lakini niliwatazama wale watu, nikaona kiu ya elimu. Wote waliingia kisiwani kwa kibali, au wana mgeni aliyeingia kwa kibali, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuelezwa mpaka wa nchi ni nini hasa. Nikaanza na enzi za mawe.

Waliguswa sana. Wengi walifumba macho. Keki ilianza kuinama. Nilipokaribia mwisho wa sehemu ya kwanza, kipaza sauti kikazima ghafla, ilhali taa zote zinawaka. Zadock alikuwa amesimama kando ya swichi, akitazama dari.

Haikunisumbua. Nimewahi kufundisha watoto sitini chini ya mabati, mvua ikinyesha. Nikapanda juu ya kiti, nikaendelea.