Marehemu Joram Aende kwa Maji

Jumatano, 3 Septemba 1997
Magugumaji yamejaa ziwani hapa Dunga. Mashua yangu imefungiwa ndani; ya Obiero, mvuvi mwenzangu, iko nje, inavua. Seline, mnunuzi wangu wa omena, dagaa wetu wa ziwani, amesema nisipomletea kufikia Jumatatu atahamia kwa Obiero. Obiero akauliza kama huko kwetu Bungoma mashua huvua nyasini. Nimezeeka hapa, bado naambiwa “kwenu”.

Alhamisi, 4 Septemba
Jirani Joram amefariki. Atazikwa kwao Kendu, ng’ambo ya ziwa. Wazo! Matangani hakuna anayekataa kazi. Nimemwambia mjane, Mama Perez, kwamba mvuvi hapelekwi kwao kwa pikapu kama gunia la mahindi. Aende kwa maji, vijana wafungue njia. Alilia. Alikubali.

Ijumaa, 5 Septemba
Ushindi! Waombolezaji wamo majini hadi kiunoni, wanakata kwa panga. Obiero pia! Alinung’unika kwamba anaona ni mashua ya nani inayofunguliwa. Shangazi wa marehemu akamfokea: wewe, Obiero, ulikuwa rafiki wa Joram au wa tumbo lako? Akainama, akavuta kwa bidii, hata nikamsifu. Nimewahi kusoma kwamba Waingereza wana neno la kumlewesha mtu bandarini ili aamkie melini, tayari ni baharia bila kupenda. Sisi tunasema amejitolea. Nilisimamia nikiwa kivulini.

Jumamosi, 6 Septemba
Hili sikulifikiria. Njia ikifunguka, jeneza linataka chombo. Mama Perez alitangaza mbele ya wote kwamba Mzee Wakhisi, yaani mimi mwenye wazo, atambeba Joram kwa mashua yake. Wa kwanza kushukuru kwa sauti: Obiero. Nimechota maji ya mashua hadi Kendu, jeneza likinigonga magoti. Kufika, nikapewa shoka nipasue kuni. Ningekataaje?

Jumatatu, 8 Septemba
Nimerudi. Seline hataki hata kuikaribia mashua. Amesema, pole Baba, lakini nani hapa atakula omena ya chombo kilichobeba maiti kabla matanga hayajaisha? Kumbe pwani nzima ilijua! Obiero alijua tangu Ijumaa. Alivuta magugu kwa bidii, nami nikamsifu. Seline sasa ni wake. Upepo nao umegeuka, njia imezibika.

Jumanne, 9 Septemba
Jumamosi kanisani kutakuwa na harusi: Awuor, binti wa mchungaji. Wageni wengi, vijana wenye mikono. Kesho nitamweleza mchungaji jinsi bibi harusi anavyopendeza akifika kwa maji. Abebwe na mashua ya Obiero, mimi nibaki na njia. Safari hii nimefikiria kila kitu.