Gari la Harusi Lisilo na Harusi

Jumatano, 19 Machi

Leo nimepata wazo. Kubwa! Hata uji nimeshindwa kumaliza.

Kwanza niandike hali ilivyo, nisije nikazeeka nikasahau. Treni ya mwendokasi inasimama Qingtang. Ndivyo tiketi inavyosema. Lakini stesheni waliijenga katikati ya mashamba ya maua ya njano, na mji wa Qingtang wenyewe uko ng'ambo ya vilima viwili na vijiji vitatu. Abiria wanatoka na masanduku yao ya magurudumu, wanatafuta mji, wanakuta vyura. Usafiri ni mmoja tu: basi namba sita la Mzee Pang. Mzee Pang huondoka akimaliza chai yake. Hakimbii, hachelewi, haongei. Akinipita barabarani ananipigia honi mara mbili. Pii-pii. Siipendi ile honi!

Mimi nina kigari. Cheupe, cha kurithi kwa mjomba aliyekuwa akiuza tofu ya kuvundika, ile jibini ya soya inayonuka. Mjomba amestaafu. Harufu haijastaafu.

Sasa wazo lenyewe, na sababu yake ni Suyun. Suyun anauza tambi za mchuzi mlangoni pa stesheni, na nampenda mpaka nakula tambi asubuhi, mchana na jioni. Leo kanipasulia: mama yake anakuja kwa treni Jumamosi, kunikagua. Kunikagua mimi! Kumbe huko kwao kuna mgane mwenye nguruwe wengi, na keshapeleka salamu. Mama akiniona sifai, Suyun atafungasha masufuria yake arudi kuolewa huko.

Nimemwambia aondoe shaka. Nitampokea mama mwenyewe, kwa kigari changu, nimfikishe kwetu mjini kabla ya saa sita. Mama yangu atakuwa amepika samaki. Suyun akasema mama ana magoti mabovu, kutembea ni shida, basi la namba sita linaegeshwa mlangoni kabisa, kwa nini nisimpandishe humo yakaisha?

Basi! La Pang! Nimecheka kwa dharau. Nikapaliwa na tambi.

Alhamisi, 20 Machi

Leo majaribio. Mwanajeshi hajifunzi kulenga siku ya vita.

Matatizo mawili. La kwanza ni Luo, mlinzi wa stesheni. Ana filimbi na ana kizuizi chenye mistari, na magari ya watu binafsi hayaruhusiwi kuvuka. Nimemwambia Kaka Luo, tumesoma darasa moja. Akasema ndiyo, na uliniibia kifutio. Nikaegesha huko mbali, kwenye tope. Ukitoka mlangoni mpaka kwenye tope lile, hata mwenye magoti mazima anafika anahema.

La pili ni harufu. Nimepata abiria wanne kwa kupiga kelele. Wakaingia, wakafungua madirisha yote. Kabla ya kilima cha kwanza, bwana mmoja mwenye miwani akauliza kwa adabu sana kama kuna kitu kimefia humu ndani. Nikamwambia ni mila. Pang akatokea nyuma. Wakalipungia basi mkono kama watu waliookolewa kwenye mafuriko, wakahamia wote.

Pii-pii.

Mama akaniuliza jioni biashara ikoje. Nikamwambia inanukia. Sikusema uongo.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeona mwanga! Akili ni nywele, na zangu leo zimesimama.

Nilikuwa kwenye tope langu, nimenuna. Ukaja msafara wa magari yenye maua mekundu na utepe, unakwenda kumpokea bibi harusi anayeshuka kwenye treni. Luo hakupiga filimbi. Hakuuliza kitu. Kakiinua kizuizi mbio mbio, kisha kasimama wima akapiga saluti!

Nikamfuata. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia, "We Guangcai vipi, unataka nipate mkosi? Gari la harusi halizuiliwi na gari la msiba halizuiliwi. Hayo mawili yanapita, wengine wote mtakaa kwenye tope."

Nimekimbia hadi dukani. Maua mekundu ya kubandika kwenye boneti, utepe, na karatasi nyekundu zenye alama ya furaha mbili, zile za kubandika kwenye vioo. Kigari kimependeza mpaka nimekizunguka mara kadhaa nikikipigia makofi. Hata harufu imepungua, au pua yangu imefurahi.

Kosa dogo: mama kakiona. Akaanza kulia palepale kwenye ngazi. Mwanangu, anasema, umri wote huu, hatimaye! Nimemweleza kwamba hakuna harusi, ni mbinu ya usafiri. Hakunisikia. Keshawapigia simu mashangazi wote. Nikamwambia mama, sikiliza, hakuna bibi harusi! Akafuta machozi akasema basi nyekundu nimebandika ya nini, kwani sijui kwamba nyekundu ni ya furaha na nyeupe ni ya kuzikia, na kwamba hivyo si vitu vya kuchezea? Halafu akanionya kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka.

Wazee hawaelewi biashara. Kesho!

Jumamosi, 22 Machi (naandika nikiwa nimelala, kichwa kinagonga)

Asubuhi ilikuwa tamu. Luo akaliona gari. Akashangaa, akafurahi, akainua kizuizi, akanipigia saluti. Akaniuliza ni nani huyo mwenye bahati. Nikamwambia atamwona. Nimeegesha mlangoni kabisa, pua kwa pua na basi la Pang! Pang alikuwa anakunywa chai. Akautazama utepe wangu. Akaendelea kunywa chai.

Suyun naye akatoka na mwiko mkononi, akauliza nini hiki. Nikamwambia tulia, mama yako hatakanyaga tope. Akasema Guangcai, tafadhali. Wateja wakamwita, akarudi kwenye tambi.

Mama Suyun akashuka. Mfupi, mpana, macho ya kupima kilo. Kikapu mgongoni chenye nyama ya moshi na mayai, na bata hai kwapani, zawadi kwa mama yangu. Nikampokea kwa shikamoo nyingi. Akakitazama kigari. Akauliza nani anaoa. Nikasema hakuna mama, hivi ndivyo tunavyopokea wageni wa heshima Qingtang. Akasema mmh. Lakini magoti yalikuwa yanamuuma, akaingia. Akanusa. Bata naye akanusa.

Hapo hapo ningeondoka, mambo yangekuwa mengine. Ila kiti cha mbele kilikuwa kitupu! Kiti kitupu kinaniuma kama jino. Na jino lenyewe likatokea: binti mmoja shavu limevimba, machozi yanamtoka, anaenda mjini kung'olewa. Hawezi hata kuongea, ananionyesha kwa kidole tu. Nikampakia mbele. Alikuwa amevaa koti jekundu. Sikuona ubaya wowote. Koti ni koti.

Kijiji cha kwanza. Benchi katikati ya barabara! Watu wamejaa, wanacheka, mikono mbele. Nikakumbuka. Loo! Nikakumbuka! Gari la harusi halizuiliwi na walinzi, lakini wanakijiji ni kazi yao kulizuia. Bila sigara na peremende hupiti. Mimi mwenyewe nimezuia magari mangapi udogoni? Na mfukoni sina hata peremende ya kikohozi.

Nikashusha kioo nikawaambia jamani, hii si harusi. Wakacheka mpaka wakashikana. Mzee mmoja akasema kila bwana harusi bahili huimba wimbo huohuo. Nikawaambia kweli, huyu binti simjui! Wakachungulia. Koti jekundu, machozi tiririka. Bibi mmoja akapiga kelele za furaha: "Analia! Mwali wa siku hizi anacheka tu akiacha kwao, huyu analia kama zamani! Kalelewa huyu!" Nikamsihi binti aseme ukweli. Akafungua mdomo, hewa ikagonga jino, akalia zaidi. Wakampigia makofi.

Tukatoka pale kwa nyama ya moshi ya Mama Suyun. Yote. Nilimwomba nikiwa nimefumba macho.

Nikakanyaga mafuta. Kisha Mama Suyun akauliza, taratibu, kama ni kweli simjui bibi harusi wangu. Nikasema si bibi harusi, ni abiria. Akasema mmh. Akauliza kama Suyun anafahamu. Nikasema anafahamu nini? Akamkumbatia bata wake.

Kijiji cha pili walishapigiwa simu na cha kwanza. Wametusubiri na mabenchi mawili. Yakaenda mayai.

Kijiji cha tatu mabenchi yamepangwa, na juu yake wamekaa mabibi wanafuma sweta, wana siku nzima. Wanataka bata. Mama Suyun akasema bata hatoki, labda atoke yeye. Saa ilikuwa inakimbia, nikamwona samaki wa mama akipoa, nikawaona nguruwe wa yule mgane wakinicheka. Nikatoka nje. Nikapiga magoti barabarani! Nikawaambia jamani, mama huyu nampenda mwanawe, mwanawe yuko stesheni anauza tambi, nikichelewa leo nimekwisha! Mabibi wakaacha kufuma. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika mpaka mjini: "Anaoa huyu, halafu anampenda mwingine, tena mbele ya mwenyewe!"

Na hapo hapo likaja basi namba sita. Mabenchi yakaondolewa haraka, maana basi la watu halizuiliwi. Mama Suyun akafungua mlango. Magoti mabovu? Alikimbia! Bata kwapani, akaingia basini. Binti wa jino akamfuata, ameshika shavu. Kijiji kizima kikapiga ukelele: bibi harusi kakimbia!

Pii-pii.

Wanakijiji wakanionea huruma. Wakanikalisha kwenye benchi, wakaniletea pombe ya mchele, kila mmoja na kikombe chake, kila mmoja na kisa cha ndugu yake aliyekimbiwa. Ningekataaje? Walinipa hata mayai mawili. Baada ya hapo kuendesha ilikuwa haiwezekani. Nikakiacha kigari uani kwa mzee mmoja wa pale kijijini, nikangoja basi la mwisho.

Pang akasimama. Alingoja nikae. Kisha, humo humo mimi nikiwa ndani, akapiga honi mara mbili.

Jumapili, 23 Machi

Niko hai. Tena niko juu!

Mama Suyun alifika kwetu jana kabla ya saa sita, kwa basi. Samaki alikuwa wa moto. Mashangazi zangu wote walikuwepo na nguo zao za harusi, wakamuuliza bibi harusi yuko wapi, naye akawaambia ameenda kung'oa jino, kwa sababu njiani binti alimweleza kila kitu kwa kuandika kwenye simu. Nasikia mama yangu alicheka mpaka akamwaga mchuzi. Wazee hao wawili wamelala chumba kimoja wakinisema hadi usiku.

Leo nimeitwa mbele yao. Suyun alikuwepo, ananikwepa macho. Nikadhani analia. Kumbe anajizuia kucheka, na alipoachia, ametucheka wote mpaka kikohozi. Mama Suyun akatoa hukumu. Mimi ni mpumbavu, anasema, hilo halina rufaa. Lakini marehemu mumewe naye alikuwa mpumbavu, na hakuwahi kuchoka naye. Mgane wa nguruwe ana mali, ila ukikaa naye saa moja unatamani kuzungumza na nguruwe. Na mtu anayepiga magoti kwenye lami kwa ajili ya binti yake, anastahili nafasi ya mwisho.

Nafasi yenyewe: Jumanne anarudi kwao. Nimpeleke stesheni kwa kigari. Masharti yake: hataki kuona chekundu hata kimoja, hataki abiria, hataki kusimamishwa na kijiji chochote, na hatakanyaga tope. Nikifaulu, Suyun ni wangu. Nikishindwa, atampeleka kwa nguruwe yeye mwenyewe.

Nimerukaruka. Nimembusu mama. Nimetaka kumbusu bata, akaning'ata.

Suyun akanisindikiza mlangoni. Akaniambia Guangcai, safari hii usibuni kitu. Muombe tu Mzee Pang. Mlete mama kwenye basi, wewe kaa kiti cha pembeni, mshikie kikapu, nami nitamwambia ni wewe uliyepanga. Nimemwangalia kwa mapenzi. Maskini, haelewi biashara.

Maana nimefikiri. Vijiji vyote vitatu sasa vinakijua kigari changu. Wataniona, watanizuia, wataniuliza habari za mke aliyekimbia, wataleta pombe. Na Luo bila mapambo hanipitishi ng'o. Nifanyeje? Nimekaa, nimekunywa chai polepole kama Pang, na jibu likaja lenyewe. Si Luo alisema? Magari mawili hayazuiliwi. La kwanza nimeshalijaribu, lina kasoro ya mabenchi. Bado la pili! Na hilo la pili hata mabibi wa sweta huinuka wakalipisha njia, wakainamisha vichwa. Kigari chenyewe tayari ni cheupe, nusu ya kazi imekwisha. Na wala hapatakuwa na chekundu hata kimoja, kama alivyotaka!

Nimekwenda dukani kabla hawajafunga. Nimechukua maua meupe, yale makubwa, na utepe mweusi wa boneti. Muuza duka, yuleyule wa juzi, akavua kofia. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akauliza kwa huruma, ni nani tena, na harusi ilikuwa jana tu?

Nikamjibu huku nikicheka kwa furaha: mama mkwe!