Ulimi Usiokosea na Bia ya Blažena

Jumatatu, 7 Oktoba

Safari imeanza. Mpango wangu hakuna mtu anayeujua, na ni mzuri kiasi kwamba inaniuma kuutekeleza bila mashahidi.

Shemeji yangu Zbyněk anaamini tunazunguka milima ya Vysočina kutafuta bia ya dansi ya wazimamoto wa kijijini. Nimemwambia nimo kwenye kamati. Simo. Waliniondoa mwezi wa tatu kwa wivu. Ukweli ni kwamba namtafuta dada yake, Blažena, aliyekuwa mke wangu, ambaye sasa anapika bia kwenye baa fulani huku milimani. Baa zinazojipikia bia yake zimejaa kila bonde. Zbyněk anajua ni ipi, lakini alimwapia dada yake kwa kaburi la mama yao kwamba hatanitajia baa hiyo. Vema. Mimi sihitaji atamke neno. Nitamtazama uso. Tukikaribia atatoka jasho. Na asipotoka, ninao ulimi wangu. Bia ya Blažena niliinywa miaka yote ya ndoa, kila Jumapili, akiipika mwenyewe kwenye chumba cha kufulia. Hata nikiamshwa usingizini nitaijua.

Gari anaendesha yeye. Leseni yangu, mimi mwalimu wa udereva, imezuiwa mpaka Desemba na askari kijana niliyemfundisha mwenyewe kurudi nyuma. Nilikuwa nimekunywa moja tu. Dunia haina shukrani.

Baa ya kwanza iko chini ya kanisa la Borovec. Bia nyeupe na bia nyeusi. Zbyněk akaanza kutoka jasho. Moyo ukanidunda! Nikamuuliza kwa upole anasumbuliwa na nini. Akasema knedliki, yale matonge ya unga ya kuchemshwa, ni za moto, na kwamba nikiendelea kumkodolea macho hivyo atahamia meza nyingine.

Mpishi wa bia akaja kuuliza tunaionaje. Nikamjibu kwamba inanyweka. Tulipotoka Zbyněk akataka kujua kwa nini sikuisifu wakati nimekunywa nne. Nikamkumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo kanuni yangu ya maisha.

"Na mgema asiyesifiwa je, shemeji?" akasema. "Huyo hufungasha mitungi yake akaenda zake."

Alikuwa anaingia kwenye kona kwa mwendo wa aibu, nikakanyaga breki ambayo upande wangu haipo.

Jumanne, 8 Oktoba

Siku ya ushindi, karibu.

Baa ya pili ilikuwa ghala la nafaka zamani. Bia ikaja na povu zito. Nikafumba macho. Nikaonja. Kulikuwa na huzuni ndani yake, huzuni ya mtu anayelala upande mmoja wa kitanda huku mwingine ukiwa mtupu. Nikajua nimefika. Nikasimama, nikawatangazia waliokuwepo kwamba bia hii imepikwa na mwanamke mwenye majuto, na kwamba nimekuja kumchukua.

Akatoka mpishi wa bia, Hynek. Ndevu hadi kifuani, mikono kama magogo. Akasema bia ni yake, kitanda chake kimejaa mke na watoto na mbwa, na kama nimekuja kumchukua basi nianze kumbeba.

Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Zbyněk akaificha sura yake nyuma ya soda ya rasiberi. Hiyo ndiyo anakunywa siku nzima kwa sababu ya usukani, na anataka nimwonee huruma.

Nimepata maelezo. Nilikuwa nimetangulia kula soseji ya siki yenye vitunguu. Siki huleta huzuni isiyohusika. Kesho ni bia kwanza, chakula baadaye. Nimeamua pia kunywa kidogo kila mahali ili ulimi usichoke. Ulimi ni chombo, lazima utunzwe.

Zbyněk amezungumza kwenye simu kwa muda mrefu uani, akiwa amenipa mgongo. Bila shaka ni mambo ya nyanya anazolima.

Jumatano, 9 Oktoba

Baa ya tatu: Samaki Watatu, kando ya bwawa huko Zálesí. Ovyo.

Nianze na uso wa Zbyněk. Mkavu. Hakuna jasho hata tone. Ila hakugusa knedliki zake, jambo ambalo sijapata kuliona tangu harusi yangu. Nadhani ana homa.

Mhudumu wa pale ni mwepesi kupita kiasi. Glasi ikikaribia kuisha tu, nyingine imekwisha simama mbele yako, kama desturi ilivyo, wala huulizwi. Nikafikiria ulimi wangu. Basi nilipofika nusu ya glasi nikachukua kadi ya karatasi ngumu inayowekwa chini yake, nikaifunika nayo juu. Kila mtu anajua maana yake: basi, nisiletewe tena. Ni kweli kwamba watu huifunika glasi iliyokwisha, na kuifunika yenye bia ni kumtukana mpishi. Lakini mimi nilikuwa kazini.

Meza ya wenyeji ikageuka kunitazama. Mzee mmoja akaziweka karata zake chini na kuvua kofia. Mhudumu akaitazama glasi, akanitazama mimi, akamtazama Zbyněk, ambaye alikuwa anatazama dari. Akaipeleka taratibu jikoni kwa mikono miwili.

Akarudi akasema mpishi anauliza bia imekosa nini. Vizuri! Mtu anayetaka kujifunza. Nikamtuma amwambie kwamba ni nyepesi, haina subira, na kwamba aliyeipika alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Mhudumu akaniuliza kama nina hakika na maneno hayo. Nikasema ulimi huu haukosei.

Akaenda. Tukasubiri. Akarudi na jibu: mpishi anashukuru, na kuhusu nyumbani, amekwisha kufika.

Kiburi kitupu. Baa hii nimeiweka mkiani.

Zbyněk akasema anaenda msalani, akakaa huko muda wa kutosha kuoga. Alirudi macho mekundu (homa, nimesema) akiwa ameshika chupa ya jamu ya boga ambayo eti wanauza jikoni. Nikamrekebisha: ni plamu, si boga, hata rangi haoni. Jamu yenyewe ni tamu ajabu. Ina mdalasini kidogo, kama ya nyumbani. Niliila njia nzima kwa kidole. Kwenye mteremko wa Zálesí Zbyněk alibadilisha gia vibaya mara mbili.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua. Tumelala kwenye nyumba ya wageni ambayo haipiki bia, hivyo leo sina kazi.

Nina huzuni, na leo sikula soseji yoyote.

Niandike hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Siku za mvua kama hii, kuta za chumba cha kufulia bado zinatoa harufu ya kimea. Blažena alichukua masufuria yote na mapipa yote, lakini harufu hakuweza kuibeba. Mimi huingia mle nikiwa na shati mkononi, ili ikitokea mtu akaniona aamini nafua. Nasimama tu. Zamani nilikuwa nalalamika kwamba mvuke unaharibu rangi ya ukuta. Sasa rangi ni nzima, na ningeubomoa ukuta wote kwa mikono yangu nipate mvuke ule tena. Namkosa. Namkosa hata alivyokuwa akisimama mlangoni Jumapili, akijifanya anafuta mikono, huku ananiangalia ninavyomeza funda la kwanza. Sikujua alikuwa anangoja nini pale mlangoni. Nilikuwa namwambia afunge mlango, kuna upepo.

Mchana nilitokwa na machozi mezani. Nikamwambia Zbyněk ni ile figili kali inayopanda puani. Akanijibu kwamba hatukuagiza figili. Kisha akanisogezea nusu ya keki yake ya mbegu za mipopi. Hajawahi kunipa chakula chake.

Jioni niliitafuta ile jamu. Imekwisha.

Ijumaa, 11 Oktoba

Zbyněk amepasua jipu.

Tulikuwa tumeegesha gari kando ya barabara, anakula mkate. Akaanza kwa kusema kwamba kiapo chake kilikuwa asinitajie baa, na kwa kuwa tumekwisha kwenda na kurudi bila yeye kutaja, mama yake huko kaburini hana cha kudai. Nikamwambia asizunguke kama basi la shule.

"Tulishakunywa bia yake, shemeji," akasema. "Jumatano. Ile uliyoifunika."

Nikasema haiwezekani. Akasema inawezekana sana. Nikasema bia ile ilikuwa nyepesi. Akaufunga mkate wake kwenye karatasi, akaniomba ninyamaze kwa mara moja tu maishani.

Ni hivi. Alimpigia dada yake simu Jumanne, kule uani. Blažena alifikiri usiku, asubuhi akamjibu: mlete, usimwambie kitu. Akinywa glasi ile mpaka chini na kuiacha ya pili ije, nitatoka nikae naye. Akifunika, basi, na mimi nitajua. Alikuwa amesimama nyuma ya kidirisha cha jikoni muda wote. Alikuwa amevua aproni. Alikuwa amevaa hereni.

Nikauliza hereni zipi. Zbyněk akasema zile za kijani.

Hizo nilimnunulia mimi. Nilishuka garini, nikatembea kwenye shamba la viazi mpaka viatu vikawa vizito, nikarudi.

Kisha nikaanza kufikiri, maana mtu hawezi kukaa tu na maumivu. Glasi huenda ilioshwa vibaya. Mhudumu huenda alifikisha ujumbe wangu kwa sauti mbaya. Zbyněk naye, badala ya kutoka jasho kama mtu mwaminifu, alikausha uso. Nikamwambia yote haya. Akasema atampigia dada yake mara moja ya mwisho, si kwa ajili yangu, ila kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuvumilia wiki nyingine ya kufundishwa kuendesha.

Blažena amekubali! Kesho kabla ya mchana. Zbyněk ameniapisha kwamba sitapanga chochote.

Nimeapa. Mipango iko mitatu, kila mmoja kwenye karatasi yake.

Jumamosi, 12 Oktoba

Njiani Zbyněk aliitupa mipango yote mitatu dirishani, akanipa maneno ya kusema. Ni nzuri. Nimekukosa. Basi, hayo tu. Alinifanya niyarudie kwenye kila mlima. Kwenye mlima wa mwisho niliyasema vizuri hata yeye akapiga honi.

Samaki Watatu. Meza ileile. Yule mzee wa kofia akanitambua na kuishika kofia yake tayari. Bia ikaja. Nikainywa mpaka chini. Ya pili ikaja yenyewe, nikainywa. Sikuigusa kadi, mikono niliikalia.

Na ilikuwa ndiyo yenyewe. Sijui Jumatano ulimi ulikuwa wapi. Ilikuwa Jumapili, ilikuwa mvuke, ilikuwa yeye mlangoni akifuta mikono. Nilitaka kulaza kichwa mezani nibaki hapo mpaka wanifungie ndani.

Akatoka. Amekata nywele. Mikono ni miekundu kwa maji ya moto. Hereni hakuvaa. Akaketi mbele yangu, na huo ndio muda mzuri kuliko yote niliyokuwa nayo mwaka huu. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu aliyelisubiri jibu kwa muda mrefu na sasa hana haraka tena:

"Haya, Kvido. Ikoje?"

Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, nilikuwa nayaona kabisa. Nikasikia sauti ya mtu ikisema kwamba kimea kimezidi kukaangwa kidogo.

Ilikuwa sauti yangu.

Zbyněk aliweka kichwa chake mezani, pale nilipotaka kuweka changu. Blažena akanitazama, kisha akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyepekua mifuko yote ya koti kuukuu, akahakikisha haina kitu, na sasa anaweza kuligawa. Akaniuliza kama mtufaha wa kando ya nyumba umezaa. Nikasema umezaa vibaya. Akasema ana sufuria motoni, niwasalimie majirani. Akanigusa bega akipita. Mlango wa jikoni akaufunga mwenyewe, bila kuambiwa.

Tumerudi nyumbani. Tulipofika kwangu Zbyněk alinishikia mlango wa gari kama mgonjwa.

Nimeitafakari hali hii kwa utulivu. Kwa jumla imekwenda vizuri. Amenigusa bega. Kosa pekee ni kwamba aliniuliza ghafla, na mimi mtu akiniuliza kitaalamu humjibu kitaalamu. Tena niko sahihi kuhusu kimea. Desemba leseni inarudi, na nitakwenda mwenyewe kwa gari langu, bila shemeji wa kunivuruga. Nitakunywa moja tu. Nitamweleza kwa utaratibu habari ya moto na dakika za kukaanga, na nina hakika atanishukuru. Lile neno jingine nitamwambia baadaye, akisharekebisha kimea.