Nilivyokwama Katika Ghala la Makumbusho

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe, mbele ya darasa zima la watoto wa watu.

Binti yangu Ayuma ana miaka tisa, na kelele humuumiza kama kofi. Lebo ya nguo ikimgusa shingoni, siku imeharibika. Kwa hivyo safari ya makumbusho hapa Kakamega niliipanga kwa uangalifu. Nilimpigia simu mhudumu, Bwana Mukhwana, nikamuuliza ni wakati gani hakuna watu.

"Kuja asubuhi, mama. Hapa hakuwangi hata nzi."

Tukafika asubuhi, Ayuma amevaa vile vidude vyake vya kuziba masikio. Mlangoni nikamwambia Bwana Mukhwana, "Kukitokea mayowe, usishtuke." (Nilikuwa nazungumza kuhusu mtoto.)

Mambo yalianza vizuri. Ayuma akanusa vibuyu. Akapitisha kidole kwenye jiwe la kusagia, akataka kujua ni mikono ya nani iliyolichimba hivyo katikati. Uani tukakuta ghala la mahindi la kizamani, limesukwa kwa fito kama kikapu kikubwa, limekandikwa udongo, na kijimlango chake kidogo. Hapo ndipo basi la shule lilipoingia likipiga honi. Kufumba na kufumbua, Ayuma yuko ndani ya ghala.

Nikamfuata. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Makalio yakagoma. (Na nguo zilikuwa zimeniambia mapema, nikazibishia.)

Ndani kulikuwa na giza. Ayuma alikuwa ameketi, shavu kwenye ukuta, vidude vya masikio amevivua.

"Mama, sikiliza. Hapa sauti inakuja ikiwa laini."

Nikasikiliza. Ni kweli. Honi, watoto, hata mimi mwenyewe nikihema, vyote vilikuwa kama vimefunikwa blanketi. Nilitamani kubaki hapo kidogo. Kisha nikasikia nyayo nyuma yangu.

"Mwalimu, hizo miguu ni za kweli?"

"Usiguse. Hiyo ni sanamu. Inaonyesha mama wa zamani akitoa mahindi."

"Mbona imevaa raba?"

Mimi nikaamua kuwa sanamu. Nikakaza miguu, nikaacha kupumua. Kidole kimoja kikanitekenya nyuma ya goti.

Nikapiga yowe.

Ayuma akaziba masikio. Halafu, huyu mtoto asiyesemeshana na wageni, akaongea nje kupitia upenyo juu ya kiuno changu: "Msimshike. Hapendangi kushikwa ghafla. Mnyamaze kwanza."

Darasa zima likanyamaza. Bwana Mukhwana akaja na kuuliza kwa heshima zote, "Madam, tukuvute ama tukusukume?"

"Vuta."

Akavuta yeye na mwalimu. Nikatoka na vumbi la miaka yote kichwani, sketi imegeuka mbele nyuma. Hakuna aliyenitazama. Msichana mmoja alikuwa ameinama mlangoni, anamuuliza Ayuma, "Huko ndani kuna nini?"

"Kuna kimya. Unataka kuskia?"

Wakapanga foleni. Wakaingia mmoja mmoja, bila hata kunong'ona, Ayuma akiwaonyesha mahali pa kuweka shavu. Mwalimu mwenyewe akajaribu. (Yeye alipita. Sitaki kulizungumzia.)

Sasa niko nyumbani, nimekalia mto. Najua mnacheka. Basi chekeni kwa sauti ya chini, mtoto amelala.