Mtoto wa Mferejini

Ijumaa, 12 Mei

Leo tunaingia mferejini kwa siku tatu, na nahodha ni mimi. Sijawahi kuendesha mashua maishani! Niliwahi kukanyaga pedali za bata wa plastiki kwenye bwawa la Skegness, basi.

Yote yalianzia kwenye kwaya. Siku ya kwanza kukutana na Hester, alisema anapenda mifereji. Mdomo wangu ukajibu kwamba mimi nimezaliwa mferejini, babu akisafirisha makaa ya mawe kwa mashua. Babu aliuza vifungo vya nguo Wolverhampton. Miezi saba sasa, na pete ya uchumba amevaa. Lakini mume wake wa kwanza alikuwa mwongo aliyekubuhu, na Hester ameapa: uongo mmoja tu, pete inarudi. Nampenda sana. Nikifumaniwa, nimekwisha.

Fundi wa mashua tuliyokodi alitaka kutufundisha saa nzima. Hester akamwambia asijisumbue, huyu bwana ni mtoto wa mferejini. Fundi akanipa mkono kwa heshima, akaenda kunywa chai. Nilitamani kumfuata.

Mashua ni ndefu kama mabasi mawili, upana wake kama kitanda. Ukisukuma usukani kulia, inakwenda kushoto. Nani aliamua hivyo?! Nimegonga daraja, mti, kisha daraja tena. Godfrey, kaka yake Hester, mwalimu mstaafu wa jiografia, akaniuliza kama hivi ndivyo babu alivyonifundisha. Nikamwambia ni desturi ya wenyeji, kugusa daraja la kwanza kwa ajili ya baraka. Akaandika kwenye kijitabu chake. Akauliza, na la pili je, shemeji? La pili ni la shukrani, nikasema. Simwamini mtu mwenye kijitabu.

Mzee mwenye fimbo ametupita akitembea ukingoni. Akatutakia safari njema.

Jumamosi, 13 Mei

Leo kuna malango ya maji. Lango si lango tu, ni chumba kizima chenye milango mbele na nyuma. Unaingiza mashua, unazungusha mpini wa chuma kufungua vilango vidogo, maji yanajaa, mashua inapanda. Nimeyasoma hayo chooni, kwa siri, kwenye kitabu cha Godfrey. Picha zilikuwa ndogo.

Asubuhi nilipendekeza tusiende mbali kwa kuwa maji ya mfereji yamepungua. Godfrey akasema mvua imenyesha siku kumi na moja mfululizo. Nikawasha injini.

Langoni foleni ya mashua nne, na wote wanatazama! Hapa Uingereza mtu akikosea kwenye foleni hasamehewi hadi kaburini. Nikashika kiuno ghafla. Nikaugulia. Nikasema mgongo huu, ni urithi wa makaa. Nikamkabidhi Godfrey mpini, nikakaa juu ya paa na kumwambia afanye, mimi nimsimamie. Akafanya yote sawasawa. Mimi nikawa natikisa kichwa kama mtu aliyeona bora zaidi. Bibi Ottoline wa mashua ya kijani, mwenye mbwa mdogo, akamsifu Godfrey kwa sauti. Hester naye akamsifu. Ilinichoma.

Tumefunga mashua upande wa juu wa lango, pamoja na wengine saba. Hester amenikanda mgongo usiouma. Kanikanda vizuri, na dhamira ikanisuta kila alipobonyeza. Kesho kuna malango matatu, na Hester anataka kuniona mimi nikiyafungua. Mgongo utakuwa umepona, amesema. Nitaamka mapema nijifunze peke yangu. Mpango safi kabisa!

Jumapili, 14 Mei

Mpango haukuwa safi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa langoni na mpini. Nikafungua kilango cha juu. Maji yakaingia. Nikafungua cha chini nione nacho kinafanya nini. Maji yakatoka. Nikafungua vyote vilivyobaki, ngurumo tupu! Nilijisikia fundi. Mara nikasikia kikohozi cha Godfrey. Nikakimbia, nikaingia kitandani na viatu.

Saa mbili, wakati wa kifungua kinywa, soseji zikaanza kutembea mezani. Zilifuatwa na birika. Godfrey akachungulia dirishani, akasema hajawahi kuona mfereji usio na maji. Maji yote yalikuwa yamekwenda zake bondeni, kupitia vilango nilivyoviacha wazi. Mashua nane zimelala ubavu kwenye matope, pamoja na baiskeli mbili na toroli la supamaketi vilivyotupwa humo zamani. Watu wametoka na magauni yao ya kulalia, vikombe mkononi. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mmoja alisema samahani, kwa uso wa muuaji.

Nikasema ni vijana wa mjini. Hakuna mji karibu, akasema Godfrey. Nikasema basi ni fisi maji, wana mikono myepesi sana.

Ndipo Bibi Ottoline akaja na mpini wetu, wenye namba ya mashua yetu. Ameukuta umening'inia kwenye kilango. Akamwambia Hester, "Mwanangu, mumeo mtarajiwa alikuwa anakimbia mbio nzuri sana kwa mtu mwenye mgongo mbovu."

Godfrey akafungua kijitabu. "Njia ya mwongo fupi, shemeji. Na yako maji yamekauka."

Hester alikaa kwenye kitanda kilichoinama na mimi nikakaa chini yake, kwa sababu niliteleza. Nikamwambia yote. Vifungo. Bata wa plastiki. Nililia, siwezi kuficha. Akasema alijua tangu daraja la kwanza, alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko ushahidi wa mpini ule. Akavua pete, akaitia mfukoni. Kesho atanijibu.

Jumatatu, 15 Mei

Sijala. Saa kumi jioni wakaja nyumbani kwangu, yeye na Godfrey. Nilidhani kaja na kaka yake awe shahidi.

Hester akasema hahitaji nahodha, anahitaji mtu. Sharti lake ni moja: nisipojua jambo, niseme sijui. Akanitaka nitamke neno hilo hapo hapo. Nikalitamka. Mara tatu! Akacheka, akavaa pete, akaenda jikoni kuchemsha maji ya chai. Moyo ukatua. Mimi ni mtu mpya kabisa.

Tukabaki wawili. Godfrey akasema jirani yake anahamia Uskoti, na nyuki wake hawana wa kuwatunza. Akauliza tu, kupitisha muda, kama namjua mtu yeyote anayewaelewa nyuki.

Mizinga minne inaletwa Jumamosi. Nimemwambia nimewafuga miaka kumi na miwili. Nyuki huwa wanakula nini?