Maiti Aliyeitikia Shikamoo

Leo asubuhi nimekubali kuwa maiti. Ningesema hapana, saa hizi ningekuwa nakunywa chai yangu na heshima yangu yote. Nawaandikia nyinyi wenzangu wa darasa moja kabla Bi Salma hajawaandikia, maana alikuwepo, na mnamjua.

Mjukuu wangu Rukia ni mwandishi wa tamthilia. Ameandika moja fupi, ya nusu saa. Leo mchana ilichezwa hapa London pamoja na nyingine mbili, katika ukumbi mdogo juu ya maktaba. Zote za waandishi chipukizi weusi, zote kuhusu wanamapinduzi weusi wa zamani. Kulikuwa na jopo la watu watatu, na moja kati ya hizo ingechaguliwa ipelekwe kwenye jumba kubwa la maonyesho. Rukia ameihangaikia yake miaka miwili.

Mwanamapinduzi wake anaitwa Kamanda tu. Ni mtu wa pwani yetu, kachukuliwa utumwani hadi kisiwa cha mashamba ya miwa, akawaongoza wenzake kuwapindua mabwana. Hatumwoni akiwa hai hata mara moja, tunasikia habari zake tu. Mwishoni ndipo tunamwona, amelazwa kwenye jamvi.

Sasa yule aliyekuwa awe Kamanda kaamka leo na tumbo la kuendesha. Rukia akanipigia simu. Kiswahili anakielewa chote, ila akijibu huchanganya.

"Babu, please. Ni kulala tu. Ten minutes."

"Kulala naweza."

"Script nilikutumia. Umesoma, si ndiyo?"

"Nimesoma."

(Nilisoma ukurasa wa kwanza na wa pili. Halafu miwani ikanichosha. Kosa ni langu, simsingizii mtu, wala miwani.)

"So unajua mwisho. Usikohoe, usijikune, usiseme chochote."

"Maiti gani anasema, mjukuu wangu?"

Nilijiona hodari sana kwa jibu hilo.

Nikapanda treni kutoka Ilford na jirani yangu Bi Salma, niliyemwalika mwenyewe. (Kosa la pili.) Njiani akatoa bakuli la pilau. Akasema maiti mwenye njaa tumbo lake litanguruma ukumbi mzima usikie. Nikaona ana hoja. Nikala lote. (La tatu.)

Wakanivisha shuka, wakanipaka rangi nyekundu kifuani, wakanilaza. Pembeni yangu akasimama askari wa mabwana mwenye bunduki ya mbao, ananilinda nisiibwe. Chini ya jamvi kumbe walikuwa wametandika godoro. Taa za jukwaani zina joto zuri kama jua la saa nne. Shiba, joto, godoro, na umri wa miaka sabini na nane. Wenzangu, sikuigiza. Nililala.

Katika usingizi nikasikia sauti ya binti karibu na sikio langu, yenye adabu.

"Shikamoo, Baba."

Mnanijua. Nimelelewa mtaani kwetu Ng'ambo, shikamoo haiachwi hewani. Hata kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi na chuma ndani, mimi huitikia.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Hujambo?"

Na kwa kuwa sijazoea kuishia hapo, nikaongeza: "Mama yako hajambo?"

Nikafungua macho. Binti wa Kamanda alikuwa amepiga magoti, machozi mashavuni, kaduwaa. Msichana mwenyewe kazaliwa hapa hapa, wazee wake watu wa Karibiani. Neno lile moja alifundishwa na Rukia, na akahakikishiwa kwamba halitajibiwa.

Kisha kutoka safu ya mbele, sauti ya Bi Salma:

"Kaitika huyo."

Watu wakaangua kicheko. Nikafikiri haraka namna ya kurekebisha. Njia niliyoiona ilikuwa moja, nife tena. Nikaguna, nikatupa mkono, nikaangusha kichwa. Wakacheka zaidi. Askari naye akaona anisaidie. Akanielekezea ile bunduki ya mbao akasema "Pa." Na mimi, kwa adabu, nikashtuka.

"Bado huyo," akasema Bi Salma. "Muongeze."

Akaniongeza.

Nikamwona Rukia ukingoni mwa pazia, kashika makaratasi yake kwa mikono miwili. Yeye hakucheka.

Yule msichana ndiye aliyenieleza baadaye, kwa upole. Baada ya shikamoo ile, binti anangoja. Maisha yake yote baba yake amemwitikia, na leo haitikii. Anangoja dakika nzima, mpaka taa zinazimwa. Kimya kile ndicho tamthilia yenyewe. Kipo ukurasa wa mwisho.

Jopo lilipomaliza kujadiliana, mwenyekiti wao, mama mmoja wa makamo, alimfuata Rukia huku bado anajifuta machozi.

"Tunaichukua yako," akasema. "Kichekesho kama hiki hatujawahi kukiona. Ila mzee abaki, na afe mara tatu vilevile."

"Si kichekesho," akasema Rukia.

"Basi iandike upya iwe kichekesho."

Rukia akanitazama, nimesimama na shuka langu. Akamgeukia yule mama. "No, thank you."

Wakachukua tamthilia ya mwenzake.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Sikuisoma yote."

"I know, Babu."

Nimerudi nyumbani. Jioni hii nikasikia hodi, nikafungua. Ni Rukia, kaleta kofia yangu niliyoisahau chumba cha kuvalia. Tangu ajue kusema, huyu mtoto hajapata kufika mlangoni kwangu bila shikamoo. Ndilo neno lake asilolichanganya kamwe na Kiingereza. Leo amenipa kofia mkononi, akageuka, akaenda zake.

Nikajikuta nimeshasema marahaba. Hakuna aliyenisalimu.

Bi Salma, najua unasoma, usicheke. Na nyinyi wengine, kama lazima mcheke, chekeni mkijua kwamba kukubali kwangu leo asubuhi kumemkosesha mjukuu wangu lile jumba kubwa, na mimi kumenikosesha shikamoo yake.