Kilo Kumi na Mbili za Unga Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Jumapili tunampeleka binti yangu kwa mama yangu. Ana miaka miwili na bibi yake hajamtia machoni. Mke wangu ametangaza kwamba kaka yake ndiye atakayeendesha. Gari langu! Mtoto wangu! Nikauliza kisa. Akasema kiti cha mtoto nilichofunga kinacheza kama jino bovu. Yeye ni muuguzi, hupima kila kitu. Kanipa mtihani: nifunge kitini mfuko wa unga wa kilo kumi na mbili, uzito kamili wa mtoto, nizunguke mtaa. Ukirudi mzima, usukani ni wangu.

Mtihani wa kitoto.

Jumanne, 4 Machi
Karatasi ya maelekezo nimeitupa. Ni ya watu wasio na kipaji. Tuta la kwanza, salama. Baiskeli ikakatiza, nikakanyaga breki. Unga ukaruka, ukapasukia dashibodi. Nimerudi mweupe pe, hadi kope.

Nikamwambia mke wangu mfuko ulikuwa dhaifu. Akaniuliza kama mtoto ni imara kuliko mfuko. Nikajifanya nakohoa. Haikuwa kazi ngumu.

Alhamisi, 6 Machi
Mfuko mpya, mbinu mpya: mwendo wa kobe. Bibi mmoja mwenye mkongojo alinipita. Unga mzima! Nikajipiga kifua pale uani. Shemeji akaja, akakishika kiti kwa mkono mmoja, akakivuta. Kikatoka chote, na mfuko juu yake. Akasema pole, kwa upole kabisa. Namchukia zaidi anapokuwa mpole.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeumwa mgongo ghafla, kwa makusudi. Mke wangu akiwa zamu, nikamwomba shemeji akifunge kiti huku mimi nikielekeza. Akakikandamiza kwa goti, akavuta mkanda kwa nguvu zote, basi. Kiti hakisogei hata kidogo.

Mke wangu aliporudi nikamwambia nimefunga mwenyewe. Nikapiga breki mara tatu mbele yake, unga ukatulia tuli. Akanikabidhi ufunguo, amefurahi kweli. Niliona haya. Yakapita.

Jumapili, 9 Machi
Nimeendesha mimi! Mke nyuma na mtoto. Katikati ya safari mbuzi akaingia barabarani. Breki! Nikageuka nyuma kwa hofu. Kumbe binti yangu yumo kitini, mzima, anacheka, anataka tena. Mama yake naye mzima, kafunga mkanda. Aliyegonga kioo cha mbele kwa paji la uso ni mimi. Mkanda wangu ulikuwa umening'inia mlangoni, ulipokaa tangu ninunue gari.

Mama alimpakata mjukuu wake, akalia, akacheka. Nilifurahi hadi nikasahau nundu. Mke wangu akaniwekea barafu, kisha akampigia kaka yake aje aturudishe.

Wananionea. Nimepima kwa mkono: kioo kiko karibu mno. Kesho nasogeza kiti changu nyuma.